Kabla Hujagusa Nati: Darizi Inapogoma Juu ya Gunia, Shuka na Khanga

Uzi ukikatika mara mbili mfululizo, wengi wetu hatufikiri tena. Mkono unakwenda wenyewe kwenye nati ya kukaza uzi. Tunaizungusha kulia, tunajaribu, tunaizungusha kushoto, tunajaribu, na baada ya nusu saa tuna matatizo mawili: lile la mwanzo na hili tulilolitengeneza wenyewe. Kazi yangu ya kwanza ya kuchanganya ilikuwa picha ya kuning'iniza ukutani: gunia la kahawa chini, kipande cha shuka la Kimasai katikati, pindo la khanga kuzunguka, na darizi juu ya vyote. Ilinilia siku tatu za kuzungusha nati. Nati haikuwa na kosa lolote. Sindano ilikuwa imejaa gundi.

Nafanyia kazi Majengo, Moshi, kwa mashine mbili. Moja ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga, ambayo nadarizia kwa mkono huru: meno yanayosukuma kitambaa nimeyafunika kwa kibati, na mimi ndiye ninayekisogeza kitambaa ndani ya fremu. Nyingine ni mashine ndogo ya umeme ya sindano moja, inayosoma mchoro kutoka kwenye flashi. Yanayofuata yanahusu zote mbili, na pale zinapotofautiana nitasema.

Jambo la kwanza, kabla ya dalili yoyote, ni kuwa na kitambaa cha ushahidi. Mimi natumia marekani, lile pamba tupu lisilopakwa rangi (jina limebaki tangu karne ya 19, kitambaa hicho kilipokuwa kikiletwa Zanzibar kutoka Marekani). Kunja mara mbili, weka kwenye fremu, tia sindano mpya na uzi wa kawaida, darizi mstari mmoja. Mshono ukitoka safi, mashine haina hatia, na ulichobakiwa nacho cha kushuku ni uzi ule mwingine au yale matabaka uliyoyarundika. Ukitoka mbaya hata hapo, ndipo uanze kuichunguza mashine yenyewe. Dakika tano hizi zingeniokolea siku zangu tatu.

Chini ya kitambaa kuna kiota cha uzi

Dalili hii inadanganya kuliko zote. Uchafu uko chini, basi mtu anaona kosa liko chini, anaichokonoa nyumba ya bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini). Ni kinyume chake. Kiota chini maana yake uzi wa juu haukubanwa. Unashuka na sindano, ndoano inaunyakua na kuuzungusha kwenye bobini, kisha hakuna kinachourudisha juu. Unabaki huko ukirundikana.

Mara nyingi uzi ulitungwa mguu wa cherehani ukiwa chini. Hapo visahani vya kubana uzi vimekwisha kufumba, nao uzi unapita ukingoni badala ya kuingia kati yake. Inua mguu, toa uzi wote, tunga upya kuanzia kwenye kigurudumu cha uzi. Ukiwa hapo angalia kama uzi umepita kwenye kimkono kinachopanda na kushuka, kwa maana ukichomoka pale kiota huja ndani ya mishono mitatu tu.

Wanaodarizi kwa mkono huru wana kosa lao la pekee, nami nililipia kulijifunza. Niliibeba Butterfly yangu kichwa kizima mpaka kwa mzee mmoja anayetengeneza cherehani barazani, si mbali na stendi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Imekuaje tena?"

Nikamwonyesha kitambaa. Hakuigusa mashine. Alikigeuza, akaangalia kile kiota, akaniuliza, "Ukidarizi, wenzo wa mguu unaushusha?"

Nikamwambia, mzee, ile kazi ni nene, na kile kimguu cha kudarizia hakigusi kitambaa vizuri, kwa hiyo naona kushusha au kutoshusha ni sawa tu.

"Si sawa. Ukiuacha wenzo juu, visahani vimeachama kama mdomo wa mtu aliyelala. Uzi unapita tu."

Aligoma kupokea hela. Nikabeba mashine yangu nikarudi nyumbani, mgongo unauma.

Kwenye mashine ya kukanyaga kuna chanzo kingine: gurudumu kurudi nyuma. Ukianza kukanyaga bila kuliongoza kwa mkono kuja upande wako, likazunguka kinyume hata nusu mzunguko, uzi unajisokota palepale chini. Anza kwa mkono, miguu ifuate.

Kiota kikishatokea, usivute kazi kwa nguvu. Kwenye gunia unang'oa nyuzi zake, na kwenye shuka unaacha tundu. Pitisha wembe au mkasi mwembamba kati ya kitambaa na bamba, kata polepole, ndipo uinue.

Uzi wa bobini unachungulia juu

Geuza kazi uangalie mgongo wa mshono mpana. Uzi wa bobini unatakiwa uonekane katikati tu, kama theluthi ya upana, na uzi wa juu ukiwa umeingia kidogo kutoka kila upande. Ukiona hivyo mgongoni, huku juu pia pako safi, usiguse chochote.

Bobini ikichungulia juu, wenye gunia waanze na uchafu. Gunia la jute linamwaga vumbi la nyuzi kila sindano inapopita, na vumbi hilo linajikusanya chini ya kile kibati chembamba cha nyumba ya bobini. Kibati kikiinuka, hata kwa unene wa unywele, uzi wa bobini haubanwi tena na uzi wa juu unaushinda. Chukua kona ya kadi ngumu, ipitishe chini ya kibati, utashangaa kinachotoka. Kazini kwangu kila bobini inayokwisha ni ruhusa ya kupiga brashi, na miezi ya vumbi kabla ya mvua za masika napiga hata bobini ikiwa nusu. Usipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi hukaa kwenye chuma ukaleta kutu. Na tafadhali, mafuta ya kupikia si mafuta ya cherehani: hukauka yakawa kama vanishi, na mashine iliyokuwa nzito kidogo inakuwa nzito kabisa.

Ukishasafisha, pima. Toa nyumba ya bobini ikiwa na bobini ndani, ishike kwa ncha ya uzi ikining'inia, kisha itikise mara moja. Ikishuka sentimita tatu au nne ikasimama, iko sawa. Ikiporomoka mpaka mwisho imelegea. Isiposhuka kabisa imekazwa mno. Hapo una haki ya kugusa skrubu ndogo ya pembeni, lakini izungushe kiasi cha mshale wa saa kutoka saa sita kwenda saa saba, kulia ukikaza na kushoto ukilegeza, usizidishe, halafu pima tena. Kabla ya hapo weka alama ya kalamu ilipokuwa. Kupima hivi ni kwa nyumba ya chuma inayotoka nje kama ya Butterfly; zile za plastiki za kulala ndani ya mashine mara nyingi hazipimiki namna hii.

Kama chini kote ni safi, angalia kama uzi wa juu unazuiwa njiani. Kigurudumu cha uzi wa bei ndogo kina mkato ukingoni wa kushikia ncha. Uzi ukinasa pale unakazwa ghafla, bobini inachungulia kwa mishono kumi, kisha mambo yanarudi kama kawaida. Tatizo linalokuja na kuondoka mara nyingi linakaa kwenye kigurudumu.

Uzi wa juu unakatika

Kabla ya kutunga tena, okota ile ncha iliyokatika uiangalie kwenye mwanga. Imechanika nywele nywele kama ufagio wa chelewa? Basi kuna kitu kinausugua. Imekatika wima kama kwa mkasi? Basi umevutwa kupita kiasi au umenasa mahali, na hapo rudi kwenye kigurudumu na njia ya uzi.

Ya ufagio ndiyo ugonjwa wa kazi za kuchanganya. Sindano inapochoma gundi, msuguano unaipasha moto, gundi inalainika, inapanda na sindano na kuganda tundu la uzi likawa nusu. Gundi ya viatu ndiyo mbaya kuliko zote, hata ikishakauka. Gamu ya pasi ambayo haijapoa inafanya hivyohivyo. Batiki ambayo nta yake haikutolewa vizuri pia, na hiyo hujulikana kwa harufu ya mshumaa mashine ikienda kasi. Futa sindano kwa pamba na spiriti. Gundi iache ilale usiku mzima. Batiki irudishe kwenye maji ya moto, au ipige pasi katikati ya karatasi tupu mpaka karatasi zisinyonye tena. Kwa kazi mpya sasa mimi nashikiza matabaka kwa mishono mirefu ya mkono, gundi naiweka pembeni mwa kazi, mahali ambapo sindano haitafika.

Sababu ya pili ni sindano yenyewe. Kwa uzi wa darizi wa namba 40 juu ya pamba, sindano ya saizi 75/11 inatosha. Juu ya gunia lenye shuka nenda 90/14, na matabaka manne au zaidi 100/16. Sindano nyembamba inafungua tundu dogo kwenye kitambaa, na uzi unapanda na kushuka mle mara nyingi kabla haujatulia kwenye mshono mmoja. Kila safari inausugua. Kwa pamba, badilisha sindano kila baada ya saa nane hivi za kushona. Gunia na karatasi zinaimaliza mapema zaidi. Najua sindano ni hela, lakini uzi wa darizi ni hela zaidi.

Tatu, umri wa uzi. Vigurudumu vilivyokaa miezi mlangoni mwa duka vikipigwa jua vina rangi nzuri na nguvu ya utando wa buibui. Kabla ya kununua omba uvute kipande kati ya mikono. Uzi mzuri unakukatalia kidogo. Uliochoka unakatika bila sauti. Rayoni inang'aa kwa upole ninaoupenda, ila hudhoofika ikilowa. Kazi itakayofuliwa mara kwa mara natumia poliesta.

Uzi wa dhahabu, ule wenye utepe wa kung'aa uliozungushiwa kiini, una tabia zake. Weka kigurudumu ndani ya kikombe nyuma ya mashine, umbali wa mkono, ili msokoto upate nafasi ya kujifungua. Tumia sindano yenye tundu refu. Punguza mwendo mpaka mishono 400 kwa dakika au chini. Na hapa, kwa mara ya kwanza katika maelezo haya, legeza nati ya juu kidogo. Ukikatika bado, acha kupigana nao: usokote kwenye bobini, geuza kazi kifudifudi, darizi kutoka mgongoni, dhahabu itatokea usoni. Au ulaze juu ya kitambaa uushikize kwa zigizaga la uzi mwembamba. Kwa macho yangu hii ya mwisho inapendeza kuliko hata darizi ya kawaida ya dhahabu, maana uzi unabaki mzima na unang'aa mstari mmoja usiokatika.

Kama yote hayo ni sawa, pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya tundu la bamba la sindano. Ikinasa kuna mkwaruzo, pengine sindano iliwahi kugonga pale. Msasa laini kabisa, taratibu, unautoa.

Mishono inarukwa

Hapa inabidi ujue kinachotokea chini ya bamba. Sindano inashuka mpaka mwisho, kisha inaanza kupanda. Ikishapanda milimita mbili hivi, uzi ulio upande wa nyuma, kwenye ule ubapa uliochongwa juu ya tundu, unabaki nyuma kwa sababu kitambaa kimeushika. Unavimba, unafanya kitanzi kidogo. Ndoano inapita palepale, ikikaribia kuigusa sindano, na kuingia ndani ya kitanzi. Kitanzi kisipokuwepo, au kikiwa kimeegemea pembeni, ndoano inapita hewani na mshono umerukwa.

Sasa fikiria gunia lililolegea kwenye fremu. Sindano inapopanda, gunia linapanda nayo kama bendera. Uzi na kitambaa vimepanda pamoja. Hakuna kilichobaki nyuma, kitanzi hakikufanyika. Ndiyo maana kazi ileile inashona vizuri ukingoni mwa fremu na kuruka katikati, kwa kuwa katikati ndiko kunakopwaya. Dawa yake ni kukishikilia kitambaa chini: kaza fremu mpaka ukigonga kwa kidole kisikike kama ngoma, ongeza kitambaa kigumu mgongoni, na ushushe kimguu cha kudarizia hadi kikaribie kulala juu ya kazi sindano ikiwa chini. Duara la ndani la fremu lizungushie utepe wa khanga chakavu ili lishike. Mbao tupu juu ya shuka inateleza.

Wa mkono huru mna kosa la ziada. Mikono ikienda mbio kuliko miguu, kitambaa kinaivuta sindano ikapinda, na sindano iliyopinda inakipeleka kitanzi mbali na ndoano, au inagonga bamba na kuvunjika. Kasi hiyohiyo kwenye kona huacha vitanzi vidogo mgongoni kama kope za macho. Mwendo wa miguu upande, wa mikono upungue. Mimi huimba moyoni nikanyage kwa kuufuata, majirani wamezoea.

Sindano iliyowekwa kinyume nayo inaruka, au haishoni kabisa. Mashine hazifanani, kwa hiyo usikariri kulia au kushoto. Kariri hili: mfereji mrefu wa sindano uangalie upande uzi unakotokea, ubapa uangalie ndoano.

Fulana za mitumba za kunyoosheka, zile tunazozichambua kwenye masoko ya Kiboriloni na Memorial, zinataka sindano ya ncha ya mviringo inayopenya kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Na rangi ya akriliki iliyopakwa nene ni sawa na plastiki: inaibana sindano, kitanzi hakivimbi. Paka nyembamba, au darizi kwanza upake baadaye kwa brashi ndogo.

Fundi mwingine atakuambia mara moja taimingi, yaani sindano na ndoano kukutana kwa wakati, imeharibika. Inawezekana, hasa kama sindano iligonga chuma kwa kishindo. Lakini kama marekani inashoneka bila kuruka, mwambie taimingi asiiguse.

Kitambaa kimekunjamana kuzunguka darizi

Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani unaokudanganya. Kinakaa vizuri kwenye fremu, kinadarizika kama karatasi, halafu siku ya kwanza ya kufuliwa kinarudi ndani huku uzi wa poliesta haurudi. Ua lako linakuwa mkunjo. Fua kwanza, piga pasi, ndipo udarizi, khanga vilevile.

Mkunjo unaotokea ukitoa tu kwenye fremu, kabla ya kufua, una sababu nyingine: ulikaza skrubu ya fremu, kisha ukavuta kitambaa pembeni kukinyoosha. Umedarizi kitambaa kilichovutwa. Kimeachiwa, kimerudi kwake. Nyoosha kabla ya kukaza.

Kuhusu vya kuweka mgongoni, si lazima usubiri mzigo kutoka Dar. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba imejaa ile mifuko mbadala isiyofumwa. Ikate ubapa, weka tabaka moja au mawili chini ya kazi, darizi, kisha chana inayobaki. Inachanika safi. Ni polipropilini, kwa hiyo pasi ya moto ikae mbali nayo, la sivyo inayeyuka na kushika pasi. Kwa khanga nyepesi natia wanga wa muhogo, uji mwepesi, nakausha na kupiga pasi. Ukimaliza uoshe wote. Mende wanaupenda kuliko sisi. Karatasi ya daftari pia inafaa kwa dharura, lakini magazeti yanaacha wino kwenye rangi za mwanga.

Wenye mashine ya flashi, tazameni msongamano. Kwa uzi wa 40, mistari ya kujaza ikiachana milimita 0.4 inatosha. Mchoro uliotengenezwa kwa upana wa sentimita 15 ukiupunguza kwenye mashine hadi 10, mashine nyingi zinabakiza idadi ileile ya mishono, na inabanana mpaka kitambaa kinakuwa ubao. Punguza kwenye programu inayohesabu mishono upya. Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ni ya bure na inatosha. Juu ya shuka au gunia ambalo lenyewe lina rangi nzuri, kwa nini ulijaze lote? Nadarizi mistari, naliacha gunia lionekane.

Matatizo ya vitu vyenyewe

Gunia la kahawa. Mji wetu una kahawa, basi magunia hayakosekani. Mishono inazama kati ya nyuzi zake nene. Weka juu yake plastiki nyembamba angavu, ile inayokuja na shati jipya, darizi, kisha ichane. Tatizo la pili linakuja baada ya wiki: doa la njano kwenye khanga iliyo jirani. Jute hulainishwa kwa mafuta kiwandani kabla ya kusokotwa, nayo huhamia kwenye pamba. Loweka gunia kwa sabuni na maji ya vuguvugu, badili maji mpaka yaache kuwa ya kahawia, anika kivulini. Litajikunja kidogo na kunyauka; bora linyauke sasa.

Ngozi haisamehe. Tundu la sindano halizibi tena, na mishono ya karibu karibu inaikata kama stempu ya posta. Nililitoa ua zima likabaki dirisha. Mishono ya milimita tatu au zaidi, mistari myepesi, na usiibane ngozi kwenye fremu, itabaki na alama. Bana kitambaa cha mgongoni, ngozi ilaze juu yake uishikize pembeni. Karatasi nene ifuate sheria hizohizo.

Mbugu, lile gome la mti linalopondwa Kagera na Uganda mpaka likawa nguo, linachanika kwa kufuata nyuzi zake. Mstari mrefu wa darizi unaoelekea upande mmoja na nyuzi ni mstari wa kuchania. Pindisha mchoro, na ulitegemeze kwa pamba mgongoni.

Chandarua kinapendeza kama ukungu juu ya mlima, na wengi tunakitumia. Angalia pasi: vya poliesta vinavumilia joto kiasi, lakini vile vya polithini, kama Olyset vilivyotengenezwa na kiwanda cha A to Z hapo Arusha, vinasinyaa na kuyeyuka mapema mno. Jaribu kipembe kwanza. Na iwe kilichochakaa kisichofaa tena kitandani, kimefuliwa. Chandarua kizima kina kazi yake.

Shanga: sindano ikiigonga inavunjika, na kipande kinaruka popote. Vaa miwani, au darizi kwanza na shanga uzitie mwisho kwa mkono, kama kina mama wa Kimasai wanavyofanya siku zote.

Rangi imechuja

Nyekundu ya shuka juu ya marekani nyeupe inaharibu kazi ya mwezi. Kabla ya kukata, lowesha kipembe, kibane kwa kitambaa cheupe kwa pasi yenye joto. Kikiwa pinki, fua mara kadhaa peke yake. Chumvi na siki ambazo kila shangazi anazipendekeza hazishiki rangi ya pamba iliyokwisha kupakwa; rangi inaacha kuchuja kwa sababu iliyolegea imekwisha kutoka kwa kufuliwa. Isipoacha baada ya mafuo manne au matano, kitumie kwenye kazi ya ukutani isiyofuliwa, ikiwa na kioo.

Umeme umekatika katikati ya ua

Usitoe fremu. Mtu anayetoa fremu akairudisha hata kwa uangalifu ataona mwanya kati ya mstari wa pembeni na mjazo. Mashine nyingi hukumbuka mshono wa mwisho. Yako kama haikumbuki, andika namba ya mshono kila rangi inapobadilika, kisha umeme ukirudi isogeze mpaka pale, urudi nyuma mishono kama kumi ili ncha zifungane. Chomoa mashine ukutani wakati umezimika, kwani umeme unaporudi unaweza kuja kwa kishindo. UPS ndogo (betri ya akiba) inatosha kumaliza rangi moja na kuzima kwa utulivu. Mimi, taa ikizima, nahamia kwenye Butterfly.

Ukilazimika kumpelekea fundi

Kama marekani imeshindikana, sindano ni mpya na imekaa vizuri, umesafisha, umepima bobini na bado, basi ni ndoano au taimingi na si kazi ya mezani kwako. Usiende na mashine tupu. Beba kitambaa kilichoharibika bila kukiosha wala kukata nyuzi zake, beba sindano iliyokuwa ndani, kigurudumu kilekile cha uzi na bobini ileile, na kipande cha matabaka yako halisi. Mwambie ulizungusha nati mara ngapi na upande gani. Yule mzee wa barazani hukiangalia kitambaa kwanza kwa dakika nzima, mashine ikiwa bado mgongoni kwa bodaboda.